Kuta za keja yako ni mto wa kwenu

Hebu toa simu uandike neno moja tu: Tulia. Utaletewa Dkt Tulia Ackson, aliyechaguliwa Spika wa Bunge la Tanzania mwaka wa 2022 na mwaka uliofuata akachaguliwa kuongoza Muungano wa Mabunge Duniani. Heko kwake. Utaletewa mji wa Tulia ulioko Texas, Marekani. Utaletewa nyimbo za mapenzi, manake ni nani kwenye muziki wa huku kwetu hajawahi kumwambia mtu atulie? Kisha, ukiwa na subira, huko chini kabisa, utapata nukta kwenye ramani: Tulia, Kitui, Kenya. Nukta, basi. Ukiibonyeza inakuambia utafika baada ya saa ngapi.

Kama wewe ni wa kule, au wa Kauwi, Mutonguni, Matinyani, Kabati, au ng'ambo ya Athi upande wa Makueni, hiyo nukta unaijua. Ndio ushago. Unaenda Desemba na mkate na sukari, unakaa siku nne, unachaji simu kwa jirani mwenye sola, unarudi Nairobi. Mtu akikuuliza unatoka wapi unasema "Kitui". Akiuliza Kitui gani, unasema "karibu tu na tauni", hata kama kutoka kwenu hadi tauni ni nauli mbili na bodaboda.

Mimi nasema hatujui kwetu. Usikasirike, jijaribu kwanza. Mto ulio chini ya boma lenu unaitwaje, na maji yake yanaenda wapi? Kijiji chenu kina watu wangapi? Susu yako alizaliwa wakati wa njaa gani? Ukipata jibu moja kati ya hayo matatu, wewe ni profesa. Na kabla hujaniambia hayo ni mambo ya mwalimu wa jiografia, nataka nikuonyeshe kwamba yanamhusu landilodi wako pia.

Tuanze na mto.

Kitui ni kubwa kupita kiasi, zaidi ya kilomita mraba 30,000. Kaskazini kuna Tana. Upande wa Makueni kuna Athi, ambao kwa sehemu kubwa ndio mpaka wa kaunti hizi mbili, ule ule unaobadilisha jina kuwa Galana, kisha Sabaki, na kuingia baharini karibu na Malindi. Kati ya mikono hiyo miwili ya maji, karibu mito yote ni ya msimu. Vijito vya Kitui Magharibi, ambako ndiko Tulia iliko, vingi vinaelekea Tiva, na Tiva unateremka kusini hadi Tsavo Mashariki ukaishie nyikani. Haufiki baharini. Ni mto unaoondoka nyumbani na kupotelea njiani, na nikiwafikiria wengine wetu hapa Nairobi, sina la kuucheka.

Mtu wa mjini akiuona mto wa namna hii mwezi wa tisa ataapa kwamba si mto. Anaona barabara pana ya mchanga, mbuzi wanakatiza, watoto wamesimika magoli ya vijiti. Maji yako wapi? Yako chini ya miguu yake. Mvua za Novemba na Desemba, ambazo Ukambani ndizo za kutegemewa kuliko zile za Machi hadi Mei, hujaza mto kwa siku chache tu. Ya juu yanakimbia yakaenda zake. Yanayobaki ni yale yaliyozama katikati ya punje. Huko chini jua haliyafikii, mbu hatagi mayai na ng'ombe hayachafui. Mchanga mnene wa mto unaweza kubeba maji kiasi cha robo ya ujazo wake, wakati mwingine zaidi ya theluthi. Kwa hiyo mwezi wa nane mama anafika na punda na mitungi, anachimba shimo, anakaa kando, anangoja. Maji yanapanda polepole, meupe mwanzoni kisha safi, naye anateka kwa kikombe hadi mtungi ujae. Hiyo ndiyo huduma ya maji. Haina mita wala bili.

Akili za watu wa huku zimeenda mbali zaidi. Unatafuta mahali mto umepita juu ya mwamba, unajenga ukuta wa mawe na saruji kuukatiza, halafu unangoja misimu kadhaa. Mchanga unajaa nyuma ya ukuta, na kila mchanga unaozidi ni tangi linaloongezeka. Wanaita bwawa la mchanga. Shirika la SASOL limesaidia wanavijiji wa Kitui kujenga mamia ya mabwawa hayo tangu miaka ya 1990. Upande wa Machakos na Makueni kuna kazi ya Utooni, iliyoanza kama kikundi cha kujisaidia mwaka wa 1978. Waliobeba mawe si makandarasi. Ni mwethya, ule mtindo wetu wa kufanya kazi kwa zamu, leo kwangu kesho kwako, na ukiangalia nani anabeba mawe utakuta wengi ni akina mama. Watafiti wametoka Uholanzi kuja kupima kuta hizo. Uholanzi, nchi ambayo shida yake ni maji kuwa mengi! Wewe uliyezaliwa kilomita mbili kutoka kwenye ukuta hujawahi kuuliza ni wa nini. Ulidhani ni daraja lililokwama.

Na kutoujua mto si utani. Tarehe 4 Desemba 2021 basi lililobeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini lilisombwa na Mto Enziu karibu na Mwingi. Zaidi ya watu 30 walikufa. Enziu ni mto wa msimu, ule ambao miezi mingi unauvuka bila kulowa soli. Mvua inanyesha mbali juu ambako hukuiona, na maji yanakufikia wewe uliye chini chini ya jua kali. Wazee wanajua rangi ya maji na sauti yake kabla hayajafika. Elimu hiyo haiko kwenye simu yako.

Sasa twende kwa landilodi.

Ule mchanga unaoshika maji ndio fundi wa Nairobi anaoutaka. Mchanga wa mto una punje zenye kona, unashikana vizuri na saruji. Nairobi haina mito ya mchanga wa kutosha, kwa hiyo malori yanakwenda Machakos, Makueni, Kajiado na Kitui. Ghorofa za Pipeline, Roysambu, Kitengela na Syokimau hazikuota kama uyoga. (Syokimau yenyewe imepewa jina la nabii wa Kikamba anayesemekana kutabiri nyoka mrefu wa kutema moto akikatiza nchi, na leo stesheni ya reli iko papo hapo. Lori la mchanga sijasikia kama alilitaja.) Ile plasta inayokumwagikia unga ukiegemea ukuta huku unatafuta netiweki, huenda ni Tiva. Huenda ni Kaiti au Thwake za Makueni. Umetoka kwenu ukaja mjini, na mto wa kwenu ukaja nyuma yako kwa lori, ukakutangulia kufika kwenye keja, na sasa unaulipia kodi kila tarehe tano.

Mto ukishakombwa mchanga unabaki mwamba mtupu. Mvua ikija, maji yanateleza juu yake na kwenda, hakuna cha kuyashika. Kingo zinabomoka, miti ya kandokando inaanguka, nguzo za madaraja zinabaki wazi kama meno ya mzee. Shimo la mama linakauka mwezi wa saba badala ya kufika wa kumi. Anatembea mbali zaidi, na mara nyingi anatembea na binti aliyepaswa kuwa darasani.

Najua utaniambia wale vijana wanaojaza malori ni wa rika letu, nao wanataka kula. Kweli. Siwezi kukaa Umoja nikamhubiria mse anayeshika sepetu usiku kucha kwa sababu mahindi yamekauka. Lakini tusidanganyane kuhusu hesabu. Anachopewa yeye mtoni ni makombo ukilinganisha na bei ya lori hilo hilo likishamwagwa Nairobi. Yeye anauza tangi la maji la mama yake kwa bei ya chajio, na faida inabaki kwa mtu mwenye lori, mtu mwenye simu za kutosha kuvuka vizuizi vya barabarani, na mtu mwenye ploti. Kama kuna mwizi hapo, hashiki sepetu.

Makueni waliona moto mapema. Watu wameuawa kule kwa vita vya mchanga, afisa wa polisi akiwemo. Mwaka wa 2015 kaunti ikapitisha sheria ya kuhifadhi mchanga na kuunda mamlaka ya kuusimamia, na mchanga ukabanwa utumike ndani ya kaunti. Kitui nasi tulikuwa na kelele zetu. Mapema 2018 Gavana Charity Ngilu alipiga marufuku makaa na mchanga kutolewa nje ya kaunti. Unakumbuka kilichofuata? Wafanyabiashara wa makaa wakaandamana Limuru, barabara kuu ikafungwa, mitandaoni ikageuka vita vya kabila. Tulibishana kuhusu makaa hadi tukachoka, na mchanga, ambao kwa maoni yangu ndio uliokuwa na uzito zaidi, hakuna aliyeutaja tena. Marufuku ya jukwaani haina miguu. Mwongozo wa kitaifa wa uvunaji mchanga uko tangu 2007, NEMA waliutoa, na bado malori yanajua saa ya kupita.

Wakati mchanga unapanda kuelekea Nairobi, kuna kitu kinateremka. Mto Nairobi unaingia Athi. Kila unachomwaga kwenye sinki, kila kiwanda kinachofungulia bomba lake usiku, safari yake inaelekea kwa watu wa Machakos, Makueni na Kitui wanaochota Athi kumwagilia mboga na kunyweshea mifugo. Wanalalamika kila mwaka. Kwa hiyo biashara iko hivi: wao wanatutumia mto, sisi tunawatumia choo.

Haya, watu. Kijiji chenu kina watu wangapi?

Hutapata jibu, na si kosa lako. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,136,187 Kitui na 987,653 Makueni. Ukishuka chini unapata kaunti ndogo, tarafa, kata, kata ndogo, na hapo ngazi inakatika. Kijiji, yaani utui kama wanavyoita wazee, hakina mstari wake kwenye jedwali. Boma la kwenu limejumlishwa na maboma mengine ya kata ndogo nzima, likawa sehemu ya namba ambayo hakuna anayeisoma.

Lakini hata hizo namba kubwa zina hadithi ukizikazia macho. Kati ya 2009 na 2019 Kitui iliongeza watu 123,478, kama asilimia 12. Makueni iliongeza 103,126, asilimia 12 pia. Kenya nzima ilikua kwa asilimia 23. Nairobi nayo ilitoka watu 3,138,369 hadi 4,397,073. Yaani katika miaka kumi Nairobi iliongeza watu wengi kuliko Kitui yote, wazee, watoto na machifu wao. Walitoka wapi? Si wote walizaliwa Pumwani. Wengine ni mimi na wewe.

Hapa ndipo mambo yanapouma. Sensa ya Kenya inakuhesabu pale ulipolala. Usiku wa tarehe 24 Agosti 2019 kama ulikuwa Mlolongo, wewe ni mtu wa Mlolongo. Mzee anakuita mtoto wa nyumbani, shamba linakungoja, siku ukifa lori la maiti litaelekea Tulia na si Mlolongo, lakini kwenye karatasi za serikali kwenu hukai. Na idadi ya watu ni pesa. Mwaka wa 2020 Seneti ilikwama wiki nyingi ikigombania fomula ya kugawia kaunti mapato, wengine wakiimba mtu mmoja shilingi moja, na maseneta wa Kitui na Makueni wakiwa upande wa waliokataa. Maseneta watatu wa upande huo walikamatwa siku ya kura. Mwishowe ikatafutwa pesa ya kuongezea kaunti ndio mzozo ukapoa. Ukiondoa siasa, swali lilikuwa rahisi: pesa ifuate watu walipo, au ifuate ardhi kame, umbali na umaskini? Mtu wa mjini anajibu haraka kwamba ifuate watu. Sawa, lakini watu hao ni nani aliyewalea, kuwanyonyesha na kuwalipia karo hadi kidato cha nne kabla Nairobi haijawapokea wakiwa tayari na nguvu za kufanya kazi? Kijiji kimegharamia, jiji limevuna. Angalau mchanga hulipiwa kitu kidogo mtoni.

Sisemi turudi wote tukalime ndengu. Mimi mwenyewe sirudi kesho. Nasema tu kwamba hesabu hii inafaa ijulikane na wale wanaohusika, na wanaohusika ndio sisi.

Historia ndiyo inanipa raha, kwa hivyo nivumilie.

Shuleni ulifundishwa kwamba mmisionari Johann Ludwig Krapf "aliugundua" Mlima Kenya. Aliuona tarehe 3 Desemba 1849. Aliuona akiwa wapi? Kitui! Alikuwa mgeni wa Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa Kikamba aliyekuwa akipeleka misafara ya pembe hadi pwani. Wakamba waliuita mlima Kiinyaa, na wengi hueleza kwamba ni kwa kuwa ulikuwa mweusi na mweupe kama manyoya ya mbuni dume. Krapf akaandika Kenia. Kwa hiyo jina lililo kwenye pasipoti yako, kwenye jezi ya Harambee Stars, kwenye kila noti mfukoni mwako, lilipitia vinywani mwa watu wa huku mnakokuita kukavu. Mwaka wa 1851 Kivoi na Krapf walisafiri tena kuelekea Tana, wakavamiwa, na Kivoi akauawa. Krapf alirudi kwa miguu akijificha mchana, na ameeleza mwenyewe kwamba alibeba maji ndani ya ala ya darubini na mitutu ya bunduki. Hata mzungu mwenye bunduki alipofika Ukambani alijua cha kuweka ndani yake.

Halafu kuna njaa. Wakamba hawakusema mwaka fulani na mwaka fulani, walizipa njaa majina na zikawa kalenda. Njaa ya Ngomanisye, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa 20, iliandamana na ndui na kufa kwa ng'ombe. Ile ya miaka ya 1980 watu wakaiita Nikw'a Ngwete, ninakufa nikiwa nimeshika, yaani pesa iko mkononi lakini dukani hakuna chakula. Ukielewa jina hilo hauhitaji mhadhara wa uchumi. Ndiyo maana ukimuuliza susu alizaliwa lini na akakujibu kwa jina la njaa, hakwepi swali. Amekujibu kwa usahihi kuliko kitambulisho chake, ambacho afande aliyekijaza alibahatisha tu mwaka.

Na kalenda hiyo umeivaa. Ukiitwa Wambua au Syombua, kuna mvua ilinyesha, ni yako au ni ya yule uliyerithi jina lake. Ukiitwa Wayua, kulikuwa na njaa. Musyoka ni anayerudi. Darasa lako la Nairobi lilikuwa na ripoti nzima ya hali ya hewa ya Ukambani iliyokaa kwenye madawati, na mwalimu akiita majina asubuhi hakuna aliyesikia.

Mwaka wa 1938 Wakamba walitembea kutoka Machakos hadi Nairobi, maelfu, wakiongozwa na Muindi Mbingu, kwa sababu serikali ya kikoloni ilikuwa inawanyang'anya ng'ombe na kuwauza ikidai wamezidi na wanaharibu udongo. Walipiga kambi wakadai wasikilizwe na Gavana. Muindi alipelekwa kizuizini Lamu, lakini mpango wa ng'ombe ukarudi nyuma. Mambo ya udongo na mito yamekuwa siasa huku tangu zamani, hayakuanza na malori.

Kwa nini basi vijiji vya wenzetu vinajulikana na vyetu ni nukta? Nimewaza sana hili na jibu langu halipendezi. Vijiji huandikwa pale mtu anapotaka kitu kutoka kwavyo. Uingereza kuna kitabu cha mwaka wa 1086 kinachoitwa Domesday, kinachoeleza kijiji baada ya kijiji kina majembe mangapi ya kukokotwa, vinu vingapi, malisho kiasi gani. Warembo wa leo wanakisoma kutafuta mababu, lakini mfalme alikiagiza ili ajue nani ana nini na anadaiwa nini. Hapa kwetu waliokuja kuhesabu vijiji walihesabu nyumba kwa ajili ya kodi ya kibanda, kuanzia 1901. Sensa ya kwanza ya watu wote haikufanywa hadi 1948. Na ile Tulia ya Texas, mji wa watu kama elfu tano? Hata asili ya jina lake, kijito cha Tule, imeandikwa. Lakini ulijulikana duniani kwa sababu Julai 1999 watu 46, wengi wao Weusi, walikamatwa kwa neno la askari kanzu mmoja, na mwaka wa 2003 Gavana Rick Perry akalazimika kutoa msamaha kwa 35. Mji mdogo ukipata umaarufu kwa njia hiyo, heri nukta.

Kwa hiyo tusingoje watoza kodi, mafuriko wala kashfa. Tuandike wenyewe, na wala usiniambie hiyo ni kazi ya wasomi. Mimi niliacha chuo, sina digrii ya kuning'iniza, na sijaona mahali popote palipohitaji digrii katika haya. Chifu na msaidizi wake wanajua mipaka ya kata ndogo na maboma yake. Mwenyekiti wa kikundi cha mwethya ana daftari lenye majina ya waliobeba mawe na mwaka ukuta uliposimama. Kanisani kuna rejista za ubatizo. Shule ya msingi ina kitabu cha kumbukumbu ambacho mwalimu mkuu atakuonyesha ukimwomba kwa adabu. Na simu yako inapiga picha yenye tarehe na mahali, silaha ambayo mama anayelinda mto hajawahi kuwa nayo: mto uliopigwa picha kila Desemba kutoka jiwe lile lile ni ushahidi wa kiasi gani cha mchanga kimeondoka. Mtu akiupeleka bungeni la kaunti au mahakamani, hawezi kuambiwa ni porojo za wanakijiji.

Sensa ijayo inatarajiwa 2029. Kuna muda wa kutosha kijiji kujihesabu chenyewe, wanaolala pale na walio mbali, na kuweka namba mbili kando kando: waliopo na waliotoka. Ningependa sana kumwona mwanasiasa akijibu namba ya pili.

Desemba hii basi, ukishashusha mkate na sukari, shuka mtoni na mtu mzima anayeujua. Muulize lile bonde linaitwaje na kwa nini, maji yalifika wapi mwaka wa mafuriko makubwa, mchanga ulikuwa unafika wapi alipokuwa msichana. Washa kinasa sauti, simu uiweke mfukoni asiione sana. Usimlazimishe aseme Kiswahili kwa sababu eti utaeleweka zaidi ukiposti. Mwache aseme Kikamba, na pale ambapo huelewi neno, mkatize umuulize. Atakucheka kwanza. Halafu atakuambia.